Mtaji Mdogo, Wenyewe Wengi



Kila masika yanapokaribia, katika jiji la Dar es Salaam husikika kauli ya kujifariji: "Mvua ni ya Mungu, tutafanyaje?" Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli. Ile ya pili tunaikataa, na juma hili tungependa kueleza sababu, hasa kwa ajili ya wenye biashara ndogo: mwenye genge, fundi cherehani, mwenye duka la nafaka, mama auzaye vitenge.

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Tabata na Kigogo, ukafika Jangwani kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Kila unapofurika, maji hurudi mabondeni yaleyale. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2024 Serikali ililieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Jambo lirudilo namna hii halistahili kuitwa ajali.

Basi duka la mtaani likifurika, aliyepata hasara ni nani? Tulifungue daftari lake. Sehemu ya mtaji ni mkopo wa VICOBA, yaani akiba ya kina mama wengine. Sukari imeletwa kwa mali kauli. Kwa fundi kuna vitambaa vya harusi ambavyo wateja wamekwisha kuvilipia. Mtaji ni mdogo, lakini wenyewe ni wengi. Ndiyo maana tunasema kujiandaa ni deni la haki kwa jirani, wala si upungufu wa imani. Nuhu aliamini, na kwa kuwa aliamini alianza useremala jua likiwaka.

Maandalizi yenyewe hayahitaji utajiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya masika, yaani Machi hadi Mei, na kabla ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Tuusikilize kabla ya kuagiza mzigo mkubwa. Magunia yakae juu ya chaga, na vitu vya thamani kwenye rafu za juu. Leseni, mikataba na daftari la madeni vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, vipigwe picha, na nakala ihifadhiwe mahali pengine. Tukubaliane mapema na ndugu aishiye mwinuko ni wapi mzigo utapelekwa, na nani ataubeba. Maji yakikaribia, umeme uzimwe kwenye swichi kuu yangali hayajaingia. Yakishaingia, mtu asiiguse. Mwenye bima asome mkataba aone kama mafuriko yamo. Na bidhaa zote zikielea, ziacheni zielee: hakuna gunia lenye thamani ya mtu mmoja.

Limebaki jambo gumu zaidi. Maji ya mafuriko hubeba uchafu wa vyoo, tena wapo wanaongojea mvua ili wakitapishe choo chao mtaroni. Mchele uliolowa maji hayo, hata ukianikwa ukakauka, unaweza kuleta maradhi. Tunafahamu uchungu wa kuutupa wakati mkopo unadaiwa. Hata hivyo kumuuzia jirani ni kumhamishia hasara yetu, na yeye huenda akailipa kwa uhai wa mtoto wake. Mfanyabiashara aliyeokoa nusu ya mzigo kwa chaga za mbao hukutana na kishawishi hicho akiwa na nguvu ya kukikataa. Aliyepoteza vyote hukutana nacho akiwa peke yake usiku, na mdai yuko mlangoni.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba vikundi vya akiba viiweke habari hii katika ajenda kabla ya masika, na vitenge fungu dogo la maafa, ili mwanachama aliyefurikiwa aongezewe muda wa kurejesha badala ya kunyang'anywa cherehani. Na mitaro iliyo mbele ya maduka yetu tuizibue sisi wenyewe, kwa kuwa mifuko iliyoiziba imetoka madukani mwetu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.