Wamaya Hawajaisha, Wacheni Kuuliza Walienda Wapi

Wacha niwaambie kuhusu swali moja lililofanya nichome mbaya.

Nilikuwa Chichén Itzá, kule Yucatán, Mexico. Ni asubuhi lakini jua tayari limekasirika. Mbele yetu iko ile piramidi ambayo umeiona hata kama hujui jina lake, juu iko kwa kila tangazo la utalii la Mexico. Jamaa aliyekuwa anatutembeza alikuwa ametupigia hesabu: pande nne, ngazi 91 kila upande, ukiongeza ile ya juu kabisa unapata 365. Yaani mwaka mzima umejengwa kwa mawe! Akatuambia tupige makofi chini ya ngazi. Mwangwi ukarudi ukilia kama ndege. Manze, nilichizi.

Halafu nikamgeuzia kamera, nikauliza kwa sauti ya kontenti: "Sasa hawa Wamaya walienda wapi?"

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Mimi jana jioni nilienda kwa mamangu. Tulikula maharagwe."

Watu wakacheka. Nikacheka pia, lakini nilitamani ardhi inimeze. Jamaa ni Mmaya. Kimaya ndiyo lugha ya kwao nyumbani, Kihispania alikutana nacho shule. Na mimi nimesimama hapo namuuliza kama watu wake waliisha.

Hiyo vidio sijaiposti. Naandika hii badala yake, kwa sababu sio mimi peke yangu. Tafuta Maya mtandaoni saa hii. Utaambiwa ni taifa lililotoweka usiku mmoja, ati siri, ati laana, ati viumbe kutoka sayari nyingine. Mimi nasema hiyo stori sio makosa madogo ya historia. Inaumiza watu walio hai, na sisi wasafiri ndio tunaisambaza.

Ukweli ni huu. Kati ya karne ya 8 na ya 10, miji mingi ya kusini, kama Tikal na Palenque, iliachwa. Watafiti wanataja ukame na vita. Watu walihama, hawakuyeyuka. Chichén Itzá yenyewe ilinawiri wakati ile miji ya kusini ilikuwa inazimika. Mji wa mwisho wa Wamaya uliokuwa huru, Nojpetén huko Guatemala, uliangushwa na Wahispania mwaka wa 1697. Leo Wamaya ni mamilioni, wako Mexico, Guatemala, Belize na Honduras. Guatemala pekee inatambua lugha 22 za Kimaya.

Na hiyo "siri" ilitoka wapi? Mwaka wa 1562, katika mji wa Maní, padri Mhispania Diego de Landa alichoma vitabu vya Wamaya. Vya kale vilivyobaki duniani ni vinne tu. Kwa hivyo ukisema Wamaya ni fumbo, jua kuna mtu alichoma majibu.

Sasa tuje kwa wale wa sayari nyingine. Palenque kulikuwa na mfalme anaitwa Pakal, alitawala kutoka 615 hadi 683. Kaburi lake liligunduliwa mwaka wa 1952, na kifuniko chake kimechongwa vizuri ajabu. Mwaka wa 1968 Erich von Däniken akatoa kitabu akidai mchoro huo ni mtu anaendesha roketi. Wataalamu wanaosoma maandishi ya Kimaya wanaona mfalme aliyekufa na mti mtakatifu. Lakini roketi ndiyo ina watazamaji. Ebu jiulize, mbona hakuna mtu husema kanisa kuu la Paris lilijengwa na viumbe wa angani?

Sisi Wakenya tunafaa kuwa wa kwanza kunusa hii kitu. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba miji ya mawe ya pwani yetu, kama Gede, ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo, kana kwamba Mwafrika hangeweza. Wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha ni kazi ya Waswahili wenyewe. Tukiambiwa hivyo sisi tunakasirika, na ni haki yetu. Basi tusimfanyie Mmaya yale yale.

Na usiseme ni maneno tu. Tikal iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1979. Miaka michache tu baadaye, jeshi la Guatemala lilikuwa linateketeza vijiji vya Wamaya. Vita hivyo vya 1960 hadi 1996 viliacha zaidi ya watu 200,000 wameuawa au wametoweka. Tume ya ukweli ilitoa ripoti mwaka wa 1999: kati ya waathiriwa waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Mawe ya mababu yalikuwa yanalindwa na dunia nzima huku wajukuu wakizikwa kwa makaburi ya pamoja. Ndio maana nakasirika nikisikia "walitoweka". Kuna waliotowekeshwa kweli, na familia zao bado zinawatafuta.

Najua kuna msee atasema, "Tulia bana, siri ndiyo inauza." Labda. Lakini kati ya stori zote nilizorudi nazo, ile watu huniomba nirudie ni ya maharagwe.

Kwa hivyo ukienda, fanya hivi. Tafuta mwenyeji Mmaya akutembeze, na doo yake umpe bila kumbana. Ukinunua kinyago, uliza ni nani alichonga. Usipande piramidi iliyofungwa. Novemba 2022 kuna mtalii alipanda hiyo ya Chichén Itzá akacheza dansi huko juu, na umati ukamzomea hadi akashuka. Hakuna vidio inafaa hiyo aibu. Na ukiandika maneno chini ya picha yako, andika kwa wakati uliopo: Wamaya wanaishi, wanaongea, wanalima mahindi.

Kabla tuachane, nilimuuliza yule jamaa "asante" inasemwaje kwao. "Dios bo'otik." Nikakosea mara tatu, akanirekebisha mara tatu, kisha akaniuliza kwetu tunasema aje. Nikamwambia. Yeye alipata mara ya kwanza.