Malta ilikuwa na usiku wake Chicago. Filme zetu zinapita na bendera ya nani?

Kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia 1998, wapenzi wa sinema wa muji wa Chicago, kule Marekani, walijua kwamba mwezi wa tatu ni mwezi wa filme za Ulaya. Filme hizo hazikuonyeshwa kwenye sale kubwa za biashara. Zilionyeshwa Gene Siskel Film Center, sale ndogo iliyo chini ya shule ya sanaa, yenye kupokea filme ambazo Hollywood haiwezi kugusa. Mwezi muzima, inchi kwa inchi: leo Ureno, kesho Poland, kesho kutwa Malta. Konsula za inchi hizo zilitia mukono, na mara kwa mara mutengenezaji mwenyewe alifika kujibu maulizo ya watazamaji.

Malta! Inchi yenye wakaaji karibu nusu milioni, wachache kuliko watu wa Bukavu. Estonia nayo haifikishi milioni moja na nusu. Lakini kila moja ilikuwa na usiku wake, na jina lake kwenye programu.

Wengine watasema: Ulaya iko na feza, sisi tuko na vita. Ni kweli, na mwenye kuishi Kivu hahitaji kufundishwa jambo hilo. Lakini tuangalie vizuri feza hiyo inatoka wapi. Ufaransa iliunda ofisi yake ya sinema, CNC, mwaka 1946, vita vikubwa vikiwa vimeisha tu, watu wangali wanapewa mukate kwa tikiti. Mpaka leo, kila mutu anayeingia sinema Ufaransa, asilimia 10,72 ya bei ya tikiti yake inaingia kwenye mufuko wa kutengeneza filme. Hata akienda kutazama filme ya Marekani, anachangia filme ya Mufaransa. Si zawadi ya raisi, wala si mradi wa miezi sita wenye kuisha wakati wazungu wa mradi wanarudi kwao. Ni kodi ndogo, ya kila siku, yenye kujulikana inaenda wapi.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2017 filme *Makala*, ya Mufaransa Emmanuel Gras, ilipata zawadi kubwa ya Juma la Wahakiki kule Cannes. Ni hadisi ya kijana mumoja wa karibu na Kolwezi: anakata muti, anachoma makala, anapakia magunia kwenye kinga, na kuisukuma kilometa 50 hadi muji. Watu wanasema Kiswahili, kile chetu. Lakini ni filme ya Ufaransa. Mwaka huohuo *Félicité*, yenye kutengenezewa Kinshasa, ilipata zawadi Berlin. Senegal ndiyo iliyoituma Oscars. Mwaka 2023 Baloji, muzaliwa wa Lubumbashi, alipata zawadi Cannes kwa *Augure*, na Ubelgiji ndiyo iliyoipeleka Oscars kwa jina lake.

Simulaumu Baloji, hata kidogo. Simulaumu Mubelgiji vilevile: aliyetoa feza ndiye anayeweka bendera. Ninaiuliza serikali yetu. Tuko na Fonds de Promotion Culturelle, yenye kukusanya feza kwa ajili ya utamaduni. Ni filme ngapi za Goma, Bunia, Uvira ao Kalemie zilizotoka mule? Watangaze orodha, tusome.

Kuna jambo lingine, lenye kuniumiza zaidi. Mwaka 2015 serikali ilikataza filme ya Thierry Michel juu ya Daktari Mukwege, *L'homme qui répare les femmes*. Waziri wa wakati ule alidai kwamba maneno ya mashahidi yalitafsiriwa vibaya ili kuchafua jeshi. Mwezi uliofuata walifungua. Lakini fikiria kidogo: mama wa Kivu anasema uchungu wake kwa luga yake, na wakubwa wanabishana Kinshasa juu ya maandishi ya Kifaransa yaliyo chini ya picha. Wenye kusikia luga ile bila tafsiri walikuwa hapa. Ndio waliopaswa kuiona wa kwanza, na kusema kama ni kweli ao uongo.

Wataione wapi sasa? Katika miji yetu mingi, sale za zamani ziligeuka makanisa na depo. Vijana wamebaki na vyumba vya video, mupira na filme za kupigana. Na simu, ndiyo, lakini simu mutu anatazama peke yake. Hakuna wa kubishana naye wakati taa inawaka.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Sale moja ya parokia ao ya shule katika kila muji, projekta moja, jenereta, na mwezi mumoja kwa mwaka. Ningechagua mwezi wa sita, kwa sababu ya Kisangani. Filme ya kwanza iwe *En route pour le milliard* ya Dieudo Hamadi, mutoto wa Kisangani: walemavu wa vita vya siku sita vya mwaka 2000 wanashuka na mto mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Tikiti iwe franka 500, na wenye kuja na magongo waingie bure.