Mkanda Ukazwe Lini?

Hoja yenyewe mnaijua. Kila uchumi unapoyumba hujitokeza watu wa kutuambia kwamba serikali nayo ijifunge mkanda: ipunguze matumizi, isikope, iliache soko lijirekebishe. Tuliisikia 2009, tukaisikia tena wakati wa korona. Ina watetezi wasomi, kwa hiyo nimeisoma kwa makini. Naileta mbele yenu kipande kwa kipande. Mzani ni wenu.

Wanaanza na nyumba. Mapato yakipungua, wanasema, mwenye nyumba hupunguza matumizi, na serikali ni nyumba kubwa tu. Kwa nyumba moja ni kweli kabisa. Baba akiacha kununua nyama, mshahara wake haupungui, kwa sababu halipwi na mwenye bucha. Serikali inalipwa na mwenye bucha. Mradi wa barabara ukisimamishwa, fundi na mtu wa mkono wanarudi nyumbani. Mama aliyewauzia chapati na maharagwe mchana anabaki na sufuria imejaa. Duka linalomkopesha unga linaona daftari la madeni likinenepa, na mwisho wa mwezi kodi inayotoka kwa wote hao imeshuka. Serikali iliyobana ili kuziba pengo inakuta pengo limepanuka.

Mkidhani hiyo ni nadharia, itazameni Ugiriki. Watetezi wa mkanda husema nchi ile ilikuwa imeharibu hesabu zake yenyewe, nami sibishi, iliziharibu. Swali ni kama dawa ilipunguza deni. Mwaka 2009 deni lake lilikuwa takriban asilimia 127 ya pato la taifa. Ikafuata kata-kata ya mishahara, pensheni na huduma, pato la taifa likapungua kwa karibu robo, na kufikia 2014 deni lilikuwa karibu asilimia 180. Hayo yalitokea ingawa mwaka 2012 wakopeshaji binafsi walikuwa wamesamehe zaidi ya euro bilioni 100. Mwaka 2013 Olivier Blanchard, mchumi mkuu wa IMF, shirika lililoshiriki kuiandika dawa ile, na mwenzake Daniel Leigh waliandika kwamba watabiri walikuwa wamekadiria chini madhara ya kubana matumizi. Mwandishi wa dawa anapokiri kwamba alikosea kipimo, mgonjwa hana sababu ya kuendelea kuimeza.

Dai la pili: soko lingejiponya kama lingeachwa. Ushahidi wao ni Marekani ya miaka ya 1930, ambako, wanasema, serikali iliingilia mno na mdororo ukarefuka. Wanachoruka ni aina ya kuingilia kwenyewe. Mwaka 1932, katikati ya maafa, serikali ya Rais Hoover ilipandisha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 25 hadi 63 ili kusawazisha bajeti. Huko ndiko kujifunga mkanda. Kisha mwaka 1937, uchumi ukiwa umeanza kuinuka, mrithi wake Roosevelt alipunguza matumizi na benki kuu ikabana mikopo. Ukosefu wa ajira ulipanda tena mwaka uliofuata. Mfano wanaoutegemea unatoa ushahidi dhidi yao.

Dai la tatu ni kwamba matumizi ya serikali huleta mfumuko wa bei, na hapo Zimbabwe hutajwa kila mara, kama kitisho cha watoto. Nchi ile ilichapisha noti huku uzalishaji wa mashamba yake ukiwa umeporomoka. Pesa zilikuwa nyingi, bidhaa hazipo. Katika mdororo wa kawaida ni kinyume: mafundi wapo, mashine zipo, wanunuzi hawapo. Kenya ilitumia zaidi mwaka 2020, na mfumuko wa bei ukabaki ndani ya lengo la Benki Kuu la asilimia 2.5 hadi 7.5.

Hoja yenye meno ni hii: sisi si Marekani, hatuchapishi dola. Kila mtambo unaoagizwa nje unalipiwa kwa fedha za kigeni, na shilingi ya Kenya, iliyoanza 2020 ikiwa takriban 101 kwa dola, ilimaliza mwaka ikiwa takriban 109. Nakubali yote. Lakini hoja hiyo inaamua nini kinunuliwe. Haisemi kisinunuliwe kitu. Machi 2020 serikali ya Uhuru Kenyatta iliagiza malimbikizo ya madeni ya wazabuni yaliyohakikiwa, shilingi bilioni 13, yalipwe. Fikirieni mzabuni aliyepeleka madawati shuleni, hati ya agizo (LPO) anayo mkononi, mkopo wa benki unamtafuna na dalali anabisha hodi. Kumlipa huyo hakuhitaji dola. Wala si matumizi mapya. Ni kulipa deni. Ajabu ni kwamba wanaotuhubiria nidhamu ya madeni hawana neno kuhusu serikali inayokopa kutoka kwa mzabuni mdogo kwa kutomlipa tu.

Sasa mahali ambapo hoja inajipinga yenyewe. Wale wale waliosema hazina haina uwezo walipongeza punguzo la kodi la mwaka huo huo: VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, kodi ya makampuni kutoka 30 hadi 25, na kiwango cha juu cha PAYE, kodi ya mishahara, vilevile. Shilingi isiyokusanywa na shilingi iliyotolewa huacha shimo lile lile. Tofauti ni nani anafaidi. Mwenye mshahara wa nusu milioni kwa mwezi aliokoa zaidi ya shilingi 20,000 kila mwezi. Mama mboga hana hati ya mshahara, na sukuma wiki na unga anaonunua havikuwa na VAT ya kupunguzwa. Naye yuko upande wa wengi, maana zaidi ya asilimia 80 ya kazi nchini ziko katika sekta isiyo rasmi. Kijana wa Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua kwa vijana, katika awamu ya pili alilipwa shilingi 455 kwa siku aliyofanya kazi. Zake zilipoingia ziliishia jioni ile ile kwenye unga, mafuta ya kupima na tokeni za umeme, zikawa mapato ya mtu mwingine. Za bwana mkubwa zingeweza kulala benki. Anayeita malipo ya kijana ufujaji na punguzo la bwana mkubwa sera makini atuonyeshe hesabu zake.

Watajibu kwamba pesa za serikali huliwa. Huliwa, ndiyo, sakata la KEMSA, mamlaka ya ununuzi wa dawa za umma, la mwaka huo huo bado tunalikumbuka. Basi pesa zipitishwe panapoibika kwa shida, kama malipo yaliyokwenda moja kwa moja kwenye simu za vijana wale. Bajeti inapokatwa, bomba la mwizi haliwi la kwanza kufungwa. Dawa za zahanati hukatwa kabla yake.

Limebaki deni la watoto wetu. Juni 2013 deni la Kenya lilikuwa karibu shilingi trilioni 1.9. Juni 2019, kabla ya korona, lilikuwa karibu trilioni 5.8. Katika miaka hiyo sita uchumi ulikuwa ukikua kwa takriban asilimia 5 kwa mwaka, na mpango mzima wa kufufua uchumi uliotangazwa Mei 2020, bilioni 53.7, haufiki hata asilimia 1 ya deni lililokuwapo tayari. Juni 2014 nchi ilipouza hatifungani yake ya kwanza ya kimataifa, ya dola bilioni 2, tuliambiwa ni ishara kwamba wawekezaji wanatuamini. Huo ndio ulikuwa wakati wa kukaza mkanda, na hoja ya 2020 ingekuwa na uzito zaidi kama wenyewe wangeitoa siku ile.