Mwanao Akijitolea Kuchanjwa

Tuseme kijana wako aliyeondoka Ngara au Biharamulo kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam anakuletea habari kwamba ameombwa kujitolea katika majaribio ya chanjo ya UKIMWI. Mama atashika kichwa na kulia kwamba mwanawe anatiwa virusi. Baba ataamuru arudi nyumbani mara moja. Kabla ya amri hiyo kutoka, yafaa wazazi wajue mambo machache.

Kwa watu wa Kagera habari hii si ya mbali. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Watafiti walipopima damu za watu wazima mwaka 1987, mjini Bukoba asilimia 24.2 walikutwa na virusi, ilhali kusini, yaani Ngara na Biharamulo, ilikuwa asilimia 0.4 tu.

Hesabu hizo ni za watu waliokwisha kuambukizwa. Mwenye kujaribu chanjo hutaka pia kujua ni wangapi wanaoambukizwa upya kila mwaka. Tuseme mahali fulani huambukizwa mtu mmoja katika kila 1,000 kwa mwaka. Ukiwachanja watu 1,000 hapo, na mwaka ukapita asiambukizwe hata mmoja, hutajua kama ni chanjo iliyowakinga ama ni hali ya mahali penyewe. Kwa hiyo jaribio la mwisho huhitaji watu wengi, tena mahali ambapo hatari ingali kubwa. Hivyo ndivyo watu wa wilaya moja wanavyoweza kukingwa kesho kwa mikono iliyotolewa leo na watu wa mbali.

Hata hivyo, haianzwi na maelfu. Kwanza huchanjwa watu wachache wenye afya, ili ijulikane kama chanjo ni salama. Kisha huchanjwa mamia, ili ionekane kama mwili unajenga kinga. Ndipo huja maelfu, ambao hugawanywa kwa kura: hawa hupata chanjo, wale hudungwa maji yasiyo na chanjo. Mchanjwaji hajui alichopewa, wala anayemhudumia hajui, ili matumaini yasije yakapotosha hesabu. Wote hushauriwa sawasawa namna ya kujikinga; hakuna anayetumwa kwenda kujaribu bahati yake.

Nchini kwetu jaribio moja lilianza Muhimbili mwaka 2007 kwa watu 60 waliojitolea, wengi wao askari polisi. Mbeya nayo ilishiriki katika kazi hii. Jaribio kubwa zaidi lilianza mwaka 2020 na kuwahusisha watu 1,512 wa Tanzania, Uganda na Afrika Kusini. Mwezi Novemba 2023 kamati huru iliyokuwa ikichungulia hesabu ilishauri uchanjaji usimamishwe, kwa kuwa hapakuwa na dalili kwamba chanjo zile zingezuia maambukizo. Hadi leo hakuna chanjo ya UKIMWI iliyothibitishwa.

Je, mwanao hutiwa virusi? La. Chanjo hizo hazina virusi kamili vya UKIMWI. Zina vipande vilivyotengenezwa maabara, visivyoweza kumwambukiza mtu. Ni kama kumwonyesha mlinzi nyayo za mwizi ili amtambue siku atakapokuja. Mkono waweza kuvimba na homa ikapanda, na madhara mengine hayajulikani mpaka yachunguzwe. Ndiyo sababu ya kuanza na wachache.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo familia haina budi kulijua. Mwili uliofunzwa na chanjo waweza kutoa alama zile zile ambazo kipimo cha kawaida huzitafuta. Kijana akipimwa kwingineko aweza kuambiwa ana virusi ilhali hana. Ndoa zaweza kuvunjika na jina la mtu likachafuka kijijini kwa kosa ambalo hakulitenda. Basi na apimwe na wale waliomchanja, ambao wana vipimo vya kutafuta virusi vyenyewe, na aitunze vizuri hati yake ya ushiriki. Mchumba naye aambiwe mapema.

Mwanao akikuomba ushauri, usimwamrishe, umwulize. Je, amesomewa maelezo yote kwa lugha anayoielewa? Je, anajua kwamba aweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu? Je, anajua kwamba sindano ile si kinga, na kwamba uangalifu wake usipungue hata siku moja? Akijibu sawasawa, uamuzi ni wake.

Na akirudi likizo, asipokewe kwa minong'ono. Wale waliochanjwa chanjo zikashindwa hawakupoteza bure. Wamewaonyesha wataalamu njia isiyofika, nao walijua tangu mwanzo kwamba huenda faida isiwe yao. Tuwape heshima hiyo wangali hai.