Ua wa Mpakani ni wa Nani? Barua ya Wazi kwa Msajili wa Ardhi

Kwa Mheshimiwa Msajili wa Ardhi,
Kaunti ya Tana River.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Bura mintarafu ya jambo ambalo wengi hulihesabu dogo hadi siku majirani wawili wafikishanapo kwa chifu: ua uliosimama mpakani ni wa nani, uwekwe wapi, na ni nani apasaye kuutunza.

Kwetu sisi swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ua wa huku aghalabu ni wa mathenge. Mti huu uliletwa Bura katika miaka ya 1980, zama za mradi wa umwagiliaji, ulipotakiwa mti wa kustahimili ukame na kuwapatia kuni wakaazi waliotoka pembe mbalimbali za Kenya kuja kulima pamba. Nao ulistahimili kupita kiasi, hata mwaka 2008 serikali ikautangaza rasmi kuwa gugu haribifu. Mbuzi na ng'ombe hupenda maganda yake matamu ya manjano, na mbegu, ambazo hazidhuriki matumboni mwao, huota katika samadi popote idondokapo. Ukilikata shina na kuliacha kisiki, huchipua matawi mengi kuliko yale uliyoyafyeka. Basi mwenye shamba la mahindi lililopakana na ua kama huo hupoteza kwanza mfereji wa ukingoni, kisha mstari mmoja wa mahindi, kisha wa pili, na mwisho jiwe la mpaka lenyewe humezwa na kichaka cha miba, ikawa hapana kati ya majirani hao awezaye kuonyesha kwa kidole milki yake inakomea wapi. Amwombapo jirani akate, hujibiwa kwamba ua si wake. Naye akiukata mwenyewe, hushitakiwa kwamba ameharibu mali ya mtu.

Mheshimiwa, sheria haikunyamaza juu ya haya. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yawataka wamiliki watunze nyua, mawe na alama zote za mpaka. Na kifungu chake cha 20 chakupa wewe mamlaka ya kuamuru ni yupi kati ya majirani atakayebeba jukumu la kuitunza alama ya mpaka wanaoshirikiana. Kifungu cha 18 nacho kimeizuia mahakama kusikiza shauri la mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo. Kwa hivyo mlango wa kwanza wa insafu ni ofisi yako, na ukifungwa huo, mnyonge hana pengine pa kubisha.

Ombi langu ni kwamba, penye ardhi iliyosajiliwa, uje na mpimaji, mpaka uonekane kwanza na ua ufuate baadaye, kisha uamuzi wa nani atautunza uandikwe na kila upande upewe nakala yake. Penye mashamba ya skimu ya umwagiliaji na ardhi ya jamii, ambako hati hazijafika, naomba ushauriane na wasimamizi wa skimu na wazee, ili kanuni iwe moja: atakaye ua wa miti aupande ndani ya eneo lake, aache nafasi ya kupita mtu na panga, na mathenge usipandwe mpakani kabisa.

Jirani, tena, si mkulima peke yake. Mfugaji ateremshaye ng'ombe wake kwenda kunywa mto Tana hupita katika malka, njia za tangu jadi, na ua uzibao malka huwa umewekwa mpakani mwa watu wasiokuwapo ulipojengwa. Mauaji kati ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, mwaka 2012 na 2013 huko upande wa Garsen, yalitufunza sote ni wapi ugomvi wa ardhi, malisho na maji uwezapo kufika; kwa hiyo mabaraza ya wazee, Gasa ya Wapokomo na Matadeda ya Waorma, yasikizwe pamoja kabla ya nguzo moja kusimikwa karibu na malka.

Mamlaka haya unayo tayari, wala hayangoji sheria mpya bungeni. Twakuomba uyatumie Bura, hali majirani wangali wakisemezana.

Wako kwa taadhima,
Mkaazi wa Bura