Gari safi halilazimiki kung'aa

Kamati ya msikiti wetu ina gari moja, Toyota Noah, ambalo kazi zake zimezidi umri wake. Hubeba walimu wa madrasa, hupeleka wagonjwa hospitali, na unapotokea msiba huwachukua makaburini wazee wasioweza mwendo. Kwa kuwa ndimi katibu, mimi ndiye ninayetia saini matumizi yake yote, tangu mafuta na matairi hadi ujira wa kuoshewa. Wiki tatu zilizopita nilitia saini lioshwe nje na ndani, kwani tulitarajia kubeba wageni wa walima. Lilirudi likinukia vizuri, na ndani yake kila kitu kiking'aa: dashibodi, milango, usukani, hata pedeli. Nilimsifu kijana aliyeliosha, nikaona fedha ya kamati imekwenda mahali pake.

Asubuhi ya pili yake tulitoka Kimara kwenda mjini kwa Barabara ya Morogoro. Aingiaye mjini kwa njia ile wakati wa asubuhi hulipokea jua usoni. Dereva wetu ni mtu mzima, alikuwa akiendesha malori nilipokuwa bado nasoma juzuu ya Amma. Nilimwona anakunja uso, anainama kushoto, anainuka, kisha akaniuliza, “Katibu, hii dashibodi mmeipaka samli?” Kabla sijamjibu, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikwishaingia kwenye kivuko, upande wangu. Mimi nilimwona, dereva hakumwona. Nilipiga ukelele, naye akakanyaga breki. Kiatu kikateleza kwanza, ndipo kikakamata. Tulisimama hatua mbili kutoka alipokuwa. Yule mama hata hakugeuka kututazama. Alhamdulillahi.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma juu ya jambo ambalo awali nililiona la mapambo tu. Dashibodi inapotoka kiwandani huwa imefifia, nayo imefifia kwa makusudi. Uso wake hutiwa vijikunjo vidogo mfano wa ngozi, na aghalabu rangi yake huwa ya giza, ili mwanga ukiuangukia utawanyike huku na huku. Ukiupaka mafuta, vijikunjo vile hujaa na uso wote huanza kufanya kazi ya kioo. Jua likiwa mbele yako na chini, mwanga hugonga dashibodi na kukurudia machoni. Jua likiwa juu, dashibodi hutupa sura yake kwenye kioo cha mbele, ukawa unatazama njia kupitia pazia jeupe. Mtu aliyevaa nguo nyeusi hupotea kabisa ndani ya pazia hilo.

Nilirudi kwa yule kijana, wala sikwenda kwa ugomvi. Nilimweleza yaliyotukuta, akasikitika kwa dhati, kisha akaniambia neno lililonifunga mdomo: “Ustadhi, nikiliacha kavu, mteja anapitisha jicho tu na kusema sijagusa ndani. Nikilipaka, ananiongezea na ya soda.” Nami ndiye niliyemsifu juzi yake! Tunamlipa kwa mng'ao, ilhali tulichomwendea ni usafi, naye hutuuzia kile tunachokinunua.

Sisemi dashibodi isipakwe kitu. Jua letu hukausha na kupausha plastiki, na baadhi ya dawa za dashibodi zina kinga dhidi ya miale yake. Linalotakiwa ni kuchagua. Kwa kawaida dawa inayofanana na maziwa, ambayo asili yake ni maji, huacha uso wa kiasi, karibu na ule wa kiwandani; ile iliyo angavu na yenye utelezi wa mafuta ya silikoni ndiyo inayong'arisha. Kwenye lebo tafuta neno la Kiingereza “matte”, yaani isiyong'aa. Dawa ya matairi ibaki kwenye matairi. Nimeona kwa macho yangu chupa moja ikitumika kotekote. Aidha, vitabu vya maelekezo vya baadhi ya watengenezaji, Volkswagen wakiwemo, hutahadharisha kwamba visafishio vyenye viyeyushi vikali huweza kuidhoofisha plastiki inayofunika mfuko wa hewa wa usalama, hata siku ya ajali ikavunjika na kurusha vipande.

Usafi hutangulia. Fyonza vumbi, pitisha brashi laini kwenye matundu ya hewa, kisha futa kwa kitambaa kilichokamuliwa katika maji yenye sabuni isiyo kali. Dawa ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana. Itiwe kwenye kitambaa, isipuliziwe moja kwa moja, kwani itaruka hadi kwenye kioo na swichi. Ngoja kidogo, halafu futa tena kwa kitambaa kikavu. Ukipitisha kidole na kikaacha alama, bado kuna ziada, iondoe. Na kioo cha mbele kifutwe upande wa ndani kwa kitambaa kingine, ambacho hakijagusa dawa, maana plastiki ikipata joto hutoa mvuke unaoganda kiooni kama ukungu wa mafuta, nao huonekana zaidi usiku taa za wenzako zinapokukabili.

Usukani, kichwa cha gia, breki ya mkono na pedeli havipakwi chochote. Watu wengi hudhani usukani unaong'aa ndio uliotunzwa, kumbe mara nyingi ule ni jasho na mafuta ya viganja vya miaka. Ukiusafisha vizuri hurudi kuwa mkavu na hushikika. Viti vya ngozi ni hivyo hivyo: ngozi nyingi za magari ya siku hizi zimefunikwa kwa tabaka mfano wa rangi, hivyo mafuta hayaingii kama yaingiavyo kwenye kiatu. Hukaa juu, hukusanya vumbi, na Ijumaa huhamia kwenye kanzu yako nyeupe. Mke wangu ana maneno yake kuhusu doa la aina hiyo, sitayaandika hapa. Viti vya kitambaa visiloweshwe chapachapa. Kwa unyevu wa pwani vitavunda kabla ya kukauka. Mikanda ya usalama iondolewe madoa kwa sabuni laini na maji tu. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe hudhoofisha nyuzi zake, nao mkanda ndio unaomshika mtoto wako.

Kwa wanaonunua magari yaliyotumika nina neno moja: mng'ao wa ndani usikushughulishe. Futa kipande kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, uone kilicho chini yake. Muuzaji anayepaka ili kuficha ufa anajua mwenyewe kwamba ile ni ghishi.

Gari la kamati tulilisafisha upya. Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, na kitambaa kilichokamuliwa vyema. Ilibidi turudie mara tatu ndipo dashibodi ikafifia. Pedeli tulizisugua kwa brashi. Dereva alipokaa, aligusa usukani, akatazama mbele, akasema tu, “Sasa naona.”

Yule kijana siku hizi huwauliza wateja kabla hajaanza: “Kavu au ya kung'aa?” Ananiambia wengi bado huchagua ya kung'aa. Hao huwapaka milango, na dashibodi huiacha kavu bila kuwaambia. Mpaka sasa hakuna aliyelalamika.