MZINGA HAUCHAGUI

Kibimba, huko Ngara, ni mbali na Unguja na Pemba, na yumkini wengi katika wanachama wetu hawajapata kulisikia jina lake. Lakini mkoa wake wa Kagera, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ndio uliotufunza nini maana ya bomu kuanguka penye watu. Mwezi wa Oktoba 1978 ndege za Idi Amin ziliupiga mji wa Bukoba. Madhara yalikuwa machache. Vioo vilipasuka, na watu wakaingiwa na fazaa. Kisha jeshi lake likavuka mpaka, na raia kwa maelfu wakahama makwao.

Hayo twayakumbuka kwa kuwa tulitendewa. Tulilotenda sisi halisemwi sana, nasi twaona ni wajibu wetu kulisema. Februari 1979 jeshi letu liliupiga Masaka kwa mizinga, na lilipokwisha kuuteka, askari waliyabomoa majumba kwa baruti, kulipiza kisasi cha Kagera. Mbarara nao ulipata yayo hayo. Je, mwenye duka wa Masaka ndiye aliyeivamia Kyaka? Mwalimu Nyerere mwenyewe alichukizwa na khabari ile, akaamrisha raia na mali zao wasiguswe tena. Na Kampala ilipokaribiwa mwezi wa Aprili, njia ya mashariki iliachwa wazi ili askari wa Libya waondoke. Basi yawezekana kupigana vita vya haki na mkono ukazuiwa. Sisi tuliokaa chuoni tulisomeshwa hilo zamani, katika wasia wa Sayyidna Abubakar kwa jeshi lake: asiuawe mwanamke, wala mtoto, wala mzee, wala usikatwe mti wenye matunda.

Visiwa hivi navyo vina kovu lao. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga jumba la mfalme mjini Unguja kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Mwuza duka akipunja ratli moja hushitakiwa. Apigaye mji hupewa nishani.

Novemba 2022, mjini Dublin, dola zaidi ya 80 ziliunga mkono Azimio la kujizuia na silaha za miripuko penye makazi ya watu. Azimio hilo si sheria, na maneno yake yana milango mingi ya kutokea. Hata hivyo ni bora kuliko kimya. Vijana wetu wametumwa Kongo ya mashariki tangu 2013, na huko, Mei 2024, mabomu yaliziangukia kambi za waliokimbia vita karibu na Goma, wakafa watoto.

Ulinzi ni jambo la Muungano. Kwa hivyo twawataka Wabunge wa visiwani wasimame Bungeni waulize: Serikali ina kauli gani juu ya Azimio la Dublin? Ofisa wa mizinga hupewa amri gani iliyoandikwa anapoukabili mji? Na maiti wa raia huhesabiwa na nani? Jawabu zikipatikana tutazichapa hapa, na zisipopatikana tutachapa hilo pia.